Injini inayozima ikibeba watu

Kwa maneno ya Regina, muuza dagaa wa Kibirizi, ile boti inayoleta wakimbizi kutoka Kagunga, mpakani, haina ubovu wowote. Ilizima Jumatatu naye akiwa ndani, akitoka Kagunga kununua dagaa, abiria hamsini wamebanana, ziwa limetulia kama maji ya beseni.

"Wale watu wametoka Burundi bila kuaga makaburi ya wazee wao," anasema. "Injini inaelewa. Fundi ndiye haelewi."

Fundi mwenyewe, Saad Mudathir wa Ujiji, anamsikia. Ni saa moja asubuhi, Mei 2015, naye ameinama nyuma ya boti, mita ya kupimia umeme mkononi, anatikisa waya mmoja mmoja huku injini inaunguruma.

"Ningekuwa na jibu ningembishia," anasema.

Kwa miaka kumi na tisa ametengeneza injini za kabureta, ambazo ubovu wake, anasema, unaunusa. Hii ni ya injekta. Mafuta yanagawiwa na kompyuta ndogo, na waya ukiachia kidogo tu, injini inazima. Ukija kupima, waya umeshashika tena.

Boti ikienda Kagunga tupu, haisumbui. Ikirudi na wakimbizi, inazima. Mara nne ndani ya siku tisa. Mara mojawapo walielea dakika arobaini, mawimbi yakiwasogeza kwenye miamba, akina mama wakikumba maji kwa masufuria.

Saad amebadilisha fyuzi. Amesugua terminali za betri, amekaza waya wa hasi. Mita inasoma volti kumi na nne, wala haitetereki.

Jana alipakia viroba hamsini vya mchanga, akazunguka ziwani saa mbili nzima. Injini haikukohoa.

"Sasa umeamini?" Regina alimuuliza aliporudi.

"Mchanga haujikuni, mama. Haugeuki kumnyonyesha mtoto."

Kagunga hakuna gati. Watu wanapanda kutoka majini, wamelowa, wanarundika mikeka na vyungu nyuma, kila mtu anakaa anapopata. Saad anadhani kuna waya unaobanwa chini ya mbao, mtu akisogea unaachia.

"Nadhani tu. Nikisema najua nitakuwa naongopa."

Anakuja Aikande, msimamizi wa safari, na orodha ya watakaochukuliwa leo. Boti inaondoka saa tatu.

"Dada Aikande, naomba nirudi nao. Nilale pale nyuma wakiwa wamekaa. Nataka izime nikiwa nimeushika huo waya."

"Hamsini ndiyo mwisho, fundi. Nimwache nani?"

"Mtu mmoja tu."

"Yupi?"

Saad anafuta mikono kwenye suruali. Anamtazama Regina, kisha Aikande.

"Basi izuie boti mpaka kesho, nifungue mbao zote," anasema. "Nakuomba."

Aikande anashusha kidole kwenye orodha, jina kwa jina, hadi la hamsini, mtoto wa wiki tatu. Kisha anakirudisha juu, anaanza upya.