Diapazoni ya Mulumba

Niseme mapema, nisije nikaitwa mnafiki: sikumpenda Mulumba Séraphin. Watu huja kuniuliza habari zake kwa sababu nilikaa karibu naye kuliko wengi. Basi wajue wanamuuliza mtu mwenye kidonda.

Alifika Kolwezi mwaka 1955, karani wa ghala la vifaa mgodini, mtoto wa baba aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Mfupi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na sauti kama mlango wa ghala lake. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mtu asiye na sauti akapewa kwaya ya kanisa la kambi yetu ya mgodi! Mimi, Ngoy Tharcisse, tenori, niliyesoma noti seminarini miaka mitatu na kuiongoza kwaya ile miaka kumi na mmoja, nikaambiwa na Padre nimsaidie Mulumba kunakili nyimbo, eti nina mwandiko mzuri. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mgeni alipokuja niliugua.

Nilikuwa nafundisha kwa fimbo. Sikumpiga mtu, niligonga benchi tu, na aliyekosea nilimsimamisha aimbe peke yake mpaka wenzake wacheke. Wasio na sauti niliwaondoa, na wa kwanza kuondolewa alikuwa mke wangu, Fidélie. Kila alfajiri king'ora cha mgodi kilipolia kuwaamsha wafanyakazi, yeye akiwa anawasha mbabula, jiko letu la makaa, alikifuatisha kwa pua, mmm, hadi kinyamaze. Nilimkataza. Nilimwambia kambi hii king'ora kimoja kinaitosha. Majirani walisikia wakacheka, nami nikajiona nimesema la maana.

Siku ya kwanza ya mazoezi Mulumba aliwaita wote niliokuwa nimewaondoa. Hakugawa karatasi. Alimwomba kila mmoja atoe sauti moja anayoisikia kila siku. Kabongo, wa kwenye mashine ya kusaga mawe, alitoa mngurumo, watu wakaangua kicheko. Mulumba hakucheka; alimwambia hiyo ni besi nzuri, akamkalisha nyuma. Mado akaiga treni ya shaba ikipanda kilima. Fidélie aliinamisha kichwa kwa haya, kisha akatoa king'ora chake. Hapo Mulumba alichomoa mfukoni diapazoni, kile kiuma cha chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga hutoa noti moja tu, iitwayo la, ili waimbaji wajue pa kuanzia. Akakigonga gotini, akakiweka sikioni, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Niliona ni michezo ya watoto wasioanza shule.

Mwaka mzima nilimchunguza nikitafuta kosa, na nilichokipata kilizidi kunichoma. Mtu akikosea, Mulumba alisema yeye ndiye hakueleza vizuri, akaanza upya. Alijua nani ametoka zamu ya usiku, akamwacha aketi. Nyimbo zilipopamba moto alitoka nje, akasimama kwenye matope, akasikiliza kutoka huko kama mpita njia. Mimi katika miaka kumi na mmoja sikuwahi kuisikia kwaya yangu kutoka nje. Nilikuwa najisikiliza mwenyewe.

Nyumbani ikawa mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema vile. Kila Alhamisi Fidélie alikipiga pasi kikwembe chake, kitenge cha kujifunga, kwa ajili ya mazoezi. Sikuhofia kuchukuliwa mke. Ingekuwa hivyo ningejua la kufanya. Alichonichukulia ni masikio ya mke wangu. Nilipozungumza mezani, niliona anasikiliza kitu kingine.

Ikaja Desemba ya 1956, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi. Askofu angekuja, na wakubwa wote wa kampuni. Padre aliniambia faraghani kwamba siku hiyo ikiharibika, kwaya itarudi kwangu. Kinanda cha kanisa kilikuwa kimetafunwa mifuko yake ya upepo na panya, kimepelekwa mjini Elisabethville kutengenezwa. Kwa hiyo noti ya kwanza ingetoka kwenye diapazoni tu. Wakianzia juu mno, soprano wangekabwa. Wakianzia chini mno, besi wangezama. Jumamosi, baada ya mazoezi ya mwisho, Mulumba aliacha koti lake kwenye kiti akaenda kusalimiana na watu mlangoni. Nikaingiza mkono mfukoni mwake.

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka uani. Mulumba alisimama mbele yetu, akapapasa mfuko wa kulia, akapapasa wa kushoto. Kisha akamgeukia mke wangu na kumwambia kwa sauti ya chini:

"Mama Fidélie, sirene ya asubui inalia namna gani?"

Fidélie alifumba macho. Mmm. Kabongo akashuka chini yake, Mado akapanda juu yake, na kwaya nzima ikafunguka bila mtu kutafuta njia. Mimi, nyuma ya nguzo kwenye safu ya tenori, nilikigonga kile chuma kwenye kifundo cha kidole nikakiuma kwa meno, ili nisikie peke yangu. Noti iliyokuwa menoni mwangu na noti ya mke wangu zilikuwa moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa mfukoni. Midomo yangu ilifuata wimbo, lakini sauti haikutoka.

Baada ya misa nilimfuata Mulumba uani, nikiwa na uongo tayari, kwamba nimekiokota chini ya benchi. Hakuningoja niuseme.

"Ile diapason ubakie nayo, tata Tharcisse," alisema. "Batu ba kwaya beko na yabo mu masikio."

Yaani wanakwaya wanayo yao masikioni. Hakukasirika. Angenizaba kofi ningelala vizuri zaidi.

Alfajiri ya kesho yake king'ora kililia. Nilikuwa macho kitandani, ile diapazoni chini ya mto, nikingoja. Fidélie alipuliza makaa, akateleka maji, akapanga vikombe. King'ora kilipanda, kikatulia, kikanyamaza. Yeye hakutoa sauti. Nikamuuliza mbona leo haimbi.

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la zamani sana.

"Si weye ulinikatazaka?" akasema, akaendelea kukoroga chai yangu.