Ndama wa Zakayo

Mwaka wa 2015 parokia ya binti yangu Rebeka, huko Columbus, ilipeleka mahujaji Italia, naye akanichukua kutoka Louisville twende wote. Siku moja ilikuwa ya kutembea tu, toka mji wa mlimani hadi kanisa dogo lililo juu ya kilima cha mbali. Tulisali, tukala mkate na jibini, tukashika njia katikati ya mizeituni. Mizigo yetu ilitangulia kwa gari.

Nilikuwa na ombi la kufikisha. Mariamu, mke wa mdogo wangu Zakayo, anaishi Buffalo. Kabla ya safari alinipigia simu.

"Shemeji, ukifika kule kanisani umuombee Zakayo. Lakini umuombee kama mutu mzima. Usimuweke na marehemu."

Hajakubali kuitwa mjane hata leo.

Nilipanda nikiwa mbele; nimezaliwa milimani. Njoroge, Mkenya wa parokia ya Rebeka, anayekaa mtaa wa Clintonville, alikuwa anahema nyuma yangu.

"Mzee, pole pole bwana! Hakuna mtu anatukimbiza!"

Watu walicheka, nami nikacheka.

Kisha ng'ombe akalia bondeni.

"Papa, ule ng'ombe iko na nini?" Rebeka aliuliza.

"Anamtafuta ndama wake." Sauti ile haifanani na ya njaa.

Kwetu, katika milima ya Kivu Kusini, ndama hulala kwenye kibanda chao, mbali na mama zao, wasije wakamaliza maziwa ya asubuhi. Siku ile ya mwisho pamoja na Zakayo tulikuwa tunajiandaa kukamua. Mariamu alikuwa anaosha vibuyu vya maziwa, na Zakayo akimtania kwamba anaviosha kama anayevibatiza.

Risasi zikaanza upande wa shule.

Tulikimbia na ng'ombe, maana mfugaji hawaachi. Ndama walibaki kibandani, mlango umefungwa. Katika haraka ile hakuna aliyewakumbuka.

Tulijificha msituni chini ya kijiji. Ng'ombe wakaanza kulia.

Askari walikuwa wanapekua bonde.

Tuliwapapasa ng'ombe wanyamaze, tukawapiga. Wakazidi kulia.

"Narudi kuwafungulia ndama," Zakayo alisema. "Wakisikia mama zao watakuja wenyewe."

Mariamu alimshika shati. "Acha wafe!"

"Bon, na sisi je?" Akalitoa shati lake mkononi mwa mkewe, taratibu, akaenda.

Ndama walikuja mbio, wote.

Ng'ombe wakanyamaza.

Kijijini risasi zikalia tena.

Zakayo hakuja.

Mariamu husema aliyefungua mlango alikuwa mzima, na mtu mzima aweza kukimbilia upande mwingine. Sijawahi kumbishia. Ninalokumbuka mimi ni mto tuliovuka baadaye. Ndama hawakuweza maji yale, tukawaacha ukingoni. Askari waliwachinja palepale; tuliuona moshi wa nyama toka ng'ambo. Ndama wa Zakayo waliishia hapo.

Kule Italia, tulifika kanisani jua likiwa bado kali. Ukutani kulikuwa na jiwe lenye majina ya vijana wa kijiji cha pale kilimani waliokufa katika vita vyao, hata wale ambao miili yao haikurudi. Namshukuru Mungu kwa kitanda changu cha Okolona, mtaa wangu wa Louisville, kwa watoto, kwa miguu hii. Lakini jiwe lile lilinichoma. Kwetu hakuna aliyemwandika mtu yeyote.

Nilipiga magoti, nikakaa hivyo muda mrefu.

Jioni Mariamu alipiga simu. Rebeka aliongea naye kwanza, akamsimulia safari yote, kisha akanipa simu.

"Umemuombea?"

"Nimemuombea."

"Kama mzima?"

"Nilimtaja jina tu, shemeji. Mengine nilishindwa kuyasema."

 

"Na ule ng'ombe Rebeka ananiambia," akasema, "alipata mutoto yake?"

"Sijui. Tulipofika juu alikuwa bado analia."