Nauli ya Mtoto Anayenyonya

Desemba iliyopita nilisimama kwenye dirisha la kukatia tiketi pale Lodwar, jua likinichoma kisogo, nikaambiwa nauli ya kwenda Kakuma imepanda. Haikupanda kidogo, rafiki yangu. Ilipanda kama maziwa yaliyosahauliwa motoni. Nikamuuliza karani, kijana wa umri wa mwanangu, kama ni mafuta yamepanda bei. Akasema hapana. Barabara imeharibika? Hapana, ni lami mpaka Kakuma. Sasa ni nini?

"Ni Krismasi, madam," akasema bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Kama haikufai, pisha wengine."

Ni Krismasi! Eti hiyo ndiyo sababu. Yaani mtu akikumbuka kwao, huko kukumbuka kwenyewe ni kosa la kutozwa faini. Nililipa, kwa sababu mama yangu, anayeishi Kakuma siku hizi, ni mzee sasa na macho yake yako njiani tangu mwezi uanze. Kisha nikaketi kwenye benchi la mbao nikingoja gari lijae, na hapo ndipo utoto wangu wote uliponijia.

Mimi nilikulia hapa hapa Lodwar. Baba alikuwa mlinzi katika ofisi moja ya serikali, na wakati wa sikukuu wakubwa walipokwenda makwao, yeye alibaki kulinda milango. Kwa hiyo safari ya Krismasi ilikuwa ya mama na sisi watoto, kwenda Kakuma kwa nyanya, mama yake mama. Tulimwita *ata*, kama Waturkana wote wanavyomwita nyanya. Alikaa ng'ambo ya mto Tarach, ule ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, na ukitaka maji unachimba.

Desemba yetu ilianza kwa harufu. Mama alikaanga mandazi uani, kwa kuni za mathenge, ule mti wa miiba, zinazotoa moshi mkali, na sisi tulijipanga kando yake tukingoja yale yaliyopasuka, maana yaliyopasuka yalikuwa halali yetu. Nyama ya mbuzi ilikatwa vipande virefu vyembamba ikaanikwa juu ya kamba, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru kwa tawi. Dada yangu alisugua vibuyu kwa mkaa mpaka mikono ikawa myeusi. Jioni upepo wa Lodwar, ule unaobeba mchanga na kuutia hata kwenye meno, ulituletea sauti ya kwaya ikifanya mazoezi kanisani. Hapo mama alikuwa akisema, "Mnasikia? Hata wimbo unataka kwenda nyumbani."

Jirani yetu hakuwa Mturkana. Alikuwa mama mfanyabiashara aliyetoka pande za Kitale, mwenye kibanda cha nguo za mitumba sokoni, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Yeye kila Krismasi alibaki Lodwar. Tulidhani hana watu. Siku moja nilimsikia akimwambia mama, "Ninao, dada yangu. Mama yangu yuko, ndugu zangu wako. Lakini Desemba ikifika hao wenye magari wanatuuzia mama zetu wenyewe." Sikuelewa wakati ule. Nilielewa mwaka uliofuata, nikiwa darasa la nne.

Mwaka huo mama alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Kanisani alikuwa ameshabatizwa, lakini jina la nyumbani hakuwa nalo, kwa sababu mama alikataa mtu mwingine yeyote ampe ila nyanya. Nyanya naye alikuwa hawezi tena kusafiri. Miguu ilikuwa imevimba, na habari zilizotufikia kwa watu waliotoka Kakuma hazikuwa nzuri. "Anauliza mtoto," walisema. "Anauliza kila siku." Mama alizidisha tu mandazi.

Siku ya kusafiri tulifika steji mapema, wakati mchanga bado una ubaridi. Gari lilikuwa moja tu la kwenda Kakuma, gari kuukuu lenye mabenchi ya mbao, na mwenye gari alikuwa mzee wa mjini aliyevaa kofia ya manyoya katika lile joto. Watu wengi walikuwa wameshaketi. Mwalimu wangu alikuwa ndani, karibu na dirisha, ameshikilia mkoba wake kifuani kama mtoto. Jirani yetu alikuwa amekuja kutusindikiza, na kapu letu zito lilikuwa kichwani pake.

Mwenye gari akatangaza nauli. Watu wakaguna. Ilikuwa imezidi ile ya juma lililopita kwa kiasi ambacho hata sisi watoto tulisikia uchungu wake. Kisha akapita akihesabu watu, akafika kwa mama, akanyoosha kidole: huyu, huyu, huyu. Kidole cha mwisho kilisimama juu ya mtoto mgongoni.

"Na huyu," akasema.

"Huyu?" mama akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, na akishtuka kilipungua zaidi. "Huyu nanyonya. Yeye hapana kalia kiti."

"Ana kichwa," yule mzee akajibu. "Leo kila kichwa kinalipa."

Namkumbuka mama alivyosimama. Hakupiga kelele. Alilifungua fundo la leso alilofungia pesa, akalitazama, akalifunga tena. Akamwambia dada yangu kwa Kiturkana, taratibu sana, kwamba sisi wawili turudi nyumbani kwa baba, yeye aende na mtoto peke yake. Dada yangu akaanza kulia bila sauti, machozi yakichora mistari kwenye mafuta tuliyopakwa asubuhi ile tung'ae mbele ya nyanya.

Ndipo jirani yetu alipolitua kapu chini. Alilitua polepole, akajishika kiuno.

"Mzee," akasema, "umesema kila kichwa kinalipa?"

"Ndiyo."

"Basi wewe panda bure, maana chako hakina kitu ndani."

Steji nzima ikacheka, lakini yeye hakucheka. "Huyu mtoto anapelekwa kwa bibi yake apewe jina!" akapaza sauti. "Bibi mgonjwa! Na wewe unamtoza nauli ya kukaa mgongoni kwa mama yake? Mgongo huo umeununua lini? Kesho utatutoza pumzi! Nyinyi mlioketi humo ndani, mmesikia, ama mmeuza masikio pamoja na viti?"

Nilidhani mambo yameishia hapo, kwa sababu watu waliokwisha kupata kiti hawana haraka ya kusikia. Kisha mwalimu wangu akasimama. Alikuwa mtu mpole, mtu wa kusahihisha madaftari, sijawahi kumsikia akigombana na yeyote. Akashuka na mkoba wake. "Mimi ninazo za kulipa," akamwambia mwenye gari, "lakini siketi." Akaja akasimama kando yetu, kwenye jua.

Baada yake akashuka mama mmoja mwenye kuku. Kisha wazee wawili na vigoda vyao vya mbao. Kisha vijana. Walishuka mmoja mmoja, bila kelele, kila mmoja akishusha kapu lake, godoro lake, kibuyu chake, mpaka gari likabaki na mabenchi matupu na mzee mwenye kofia akisema, "Haya basi, mtoto aende bure! Mtoto aende bure!" Lakini watu walikuwa wameshakasirika, na jirani yetu akamjibu kwa wote: "Rudisha nauli iwe ile ya juma lililopita, kwa kila mtu, ama beba upepo." Akakataa. Akabaki ameketi nyuma ya usukani, akitutazama, nasi tukimtazama.

Tulikaa chini ya miti ya mikoma kando ya steji mpaka jua likasimama utosini. Usidhani ilikuwa raha. Mtoto alilia kwa joto, kuku walihema midomo wazi, na mama alianza kumwambia jirani kwamba labda tumekosea. Mandazi ya nyanya yakaliwa na watu wote. Mwalimu alitutegea vitendawili akatuzungushia maji yake ya chupa.

Mchana ndipo lilipokuja lori la kuleta unga na mafuta ya kupikia, limeshashusha nusu ya mzigo sokoni na linaendelea Kakuma na nusu iliyobaki. Dereva alisimama kuuliza kama kuna msiba, kwa jinsi alivyotukuta tumekaa. Akaelezwa. Akashuka, akamtazama mtoto, akatazama lile gari tupu, akatema mate mchangani.

"Mimi naenda hata bila nyinyi," akasema. "Lori halichoki kwa sababu ya mtoto. Pandeni. Mtanipa ya chai, na mtu akikosa, akose."

Tulipanda juu ya magunia, tukafunikwa turubai nusu kwa ajili ya jua. Barabara ilikuwa mawe na mashimo, tulirushwa kama bisi, vumbi likatupaka rangi moja sote, Mturkana na mgeni, tajiri na maskini. Watu wa kwaya waliokuwemo wakaanza kuimba, na mwalimu wangu, kumbe alikuwa na sauti nzuri hivyo! Tulipopita karibu na wachunga mbuzi walitupigia mbinja, nasi tukawapungia na kuwasalimu *ejok! ejok!* mpaka koo zikakauka.

Tulimkuta nyanya ameketi nje ya nyumba juu ya ngozi ya ng'ombe, amegeuzia uso barabara. Mama alimweleza yote kabla hata ya kumpa mtoto. Nyanya alisikiliza, akamchukua mtoto, akamlaza juu ya ile miguu yake iliyovimba, akampa jina la dada yake aliyekufa zamani. Kisha akasema neno ambalo nyumbani tulilisema miaka mingi baadaye: "Njia haina mwenyewe. Njia ni ya miguu." Alikufa mvua zilipokuja. Kama yule mzee angepata vichwa vyake, mimi na dada yangu tusingemwona tena.

Mwaka uliofuata wanawake wa mtaa hawakungoja kuonewa. Jirani yetu aliwaita uani kwetu mapema, watoto wakiwa bado wanafanya mitihani. "Krismasi si mafuriko," akawaambia. "Haiji ghafla. Tunaijua siku yake, sasa kwa nini kila mwaka itukute tumelala?" Wakapatana na yule dereva wa lori la unga kabla kila mtu hajaanza kutaka gari. Vikapu vizito vilitangulia na lori katika safari zake za kawaida, ili siku ya safari tupande mikono mitupu. Wenye watoto wadogo walikwenda juma la kwanza la likizo, wenye vibarua wakafuata. Waliondoka alfajiri jua lisiwatese wachanga. Aliyekuwa nacho alitoa, asiyekuwa nacho alipika. Hakuna aliyeachwa kwa kukosa nauli, na wala hakuna aliyeulizwa mbele ya watu kama anayo.

Na kuna Krismasi moja, hii naipenda kuliko zote, ambapo wale wanawake walimgeukia jirani yetu mwenyewe. Walipatana kwa siri na dereva wa lori la mahindi linalorudi Kitale. Mama alimpeleka kapu la nyama iliyokaushwa mlangoni, akamwambia kwa kile Kiswahili chake, "Wewe kwenda. Mama yako pia nangoja." Yule mama wa sauti ya kuamsha mtaa akalipokea kapu kwa mikono miwili. Aliingia ndani, akafunga mlango, na tulimsikia akilia kama msichana.

Sasa wote wametawanyika. Jirani alirudi kwao moja kwa moja. Yule dereva wa lori la unga sijui kama yu hai. Barabara ni lami, magari yana viti laini na muziki, na unaweza kulipa kwa simu ukiwa kitandani. Tulidhani lami ikija taabu itaisha. Taabu haikuisha, ilipewa kiti laini tu. Kila Desemba bei hupanda kwa watu walewale: mlinzi, mpishi, mwanafunzi wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mama wa watoto wengi. Na kinachonichoma si bei peke yake, maana wenye tamaa walikuwepo hata zamani. Kinachonichoma ni kwamba siku hizi kila mtu huonewa peke yake, kimya kimya, kwenye simu yake.

Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Pale kwenye benchi nilisimama nikasema kwa sauti, "Jamani, tukikataa sote hawa si watashusha?" Kijana mmoja akatoa kifaa sikioni, akaniambia kwa heshima kabisa, "Mathe, lipa tu twende." Wengine hawakugeuka. Gari lilijaa, tukaingia, kila mmoja na kiti chake.

Tukiwa tunaondoka nilitazama nje. Pale kwenye dirisha la tiketi alikuwa amefika mama mmoja kijana, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, kapu kichwani. Nilimwona akiinama kusikiliza. Akauliza tena, kama mtu aliyesikia vibaya. Nikamwambia dereva asimame kidogo, akasema tumeshachelewa. Yule mama akaliweka sawa kapu kichwani, akamtabasamia karani, akageuka akaondoka na watoto wake polepole, akitembea kama mtu ambaye hakuwa na safari yoyote, aliyekuwa amepita tu kuuliza.