Mbuzi wa Krismasi

Mimi nilimfuata baba kanisani, mdogo wangu akamfuata mama msikitini. Huku kwetu vilimani Kilwa hilo halimshangazi mtu. Kila Krismasi mdogo wangu ndiye aliyenichinjia mbuzi, ili mama na majirani Waislamu nao wale bila wasiwasi.

Mwaka huu alikuja na simu mkononi, anamsikiliza mtu wa mtandaoni akisimulia Vita vya Msalaba. Nilipompa kisu, akakikataa.

“Wakristo mlitumaliza Yerusalemu,” akasema.

“Nani aliyewamaliza? Mimi hata Lindi mjini nafika kwa shida.”

“Damu yenu ni ileile.”

“Damu yangu na yako ni moja, mpumbavu wewe.”

Aliendelea kutazama farasi na mikuki kwenye kioo cha simu. Hasira zikanipanda, nikamchinja yule mbuzi mimi mwenyewe, mbele yake.

Chakula kilipopakuliwa, mama aliletewa sahani ya kwanza, kama kawaida. Akauliza ni nani aliyechinja. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Mama akairudisha sahani, akaomba wali mkavu na chumvi.