Fahali wa Jenerali

Fahali alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo, pale mtaani Ziwani, Nairobi, na Benta Ooko hakujua kama kumpokea ni kuvunja sheria ya dunia.

Fahali alikuwa ametumwa na Taban, kwa ibada ya kesho ya kumkumbuka marehemu Zedekiah, mumewe Benta. Taban alifika kwao akiwa mtoto mkimbizi, wakamlea na kumsomesha. Aliporudi nchini kwake akawa jenerali, vita vikazidi, na mataifa yakamwekea vikwazo: mali yake izuiwe, mtu asiipokee. Sasa yuko hapa Nairobi, hotelini, kwenye mazungumzo ya amani.

"Kama ni mbaya hivyo, mbona wamemwalika?" Benta aliuliza.

"Bila yeye vita haviishi, Mum," alijibu bintiye Jacklyne, mfanyakazi wa benki. "Lakini mali yake haiguswi."

"Hata ng'ombe?"

"Mali ni mali."

"Huyu naye alipigana vita gani?" alicheka Kimani, dereva aliyemleta fahali. "Mathe, amueni. Anamaliza sukuma wiki za jirani."

Benta alikuwa amefundisha historia miaka mingi. Umoja wa Mataifa aliueleza bila kitabu. Leo alikwama. Zedekiah, karani wa reli, hakuwahi kuleta nyumbani hata penseli ya ofisi. Je, akumbukwe kwa nyama iliyotoka kwa mtu kama Taban? Lakini kwa Wajaluo, mwana huleta fahali kwa ajili ya babaye. Kumrudisha fahali ni kumwambia Taban kuwa si mwana.

Akampigia simu.

"Mama, wamenifungia benki, wamenifungia safari," Taban alisema. "Na wewe unanifungia lango la baba?"

"Umeua watu wasio na hatia, Taban?"

"Vita ni vita, Mama."

"Basi njoo kesho mikono mitupu. Utakaa na ndugu zako."

Kimani akaondoka na fahali. Kesho yake watu walikula kuku na maharagwe, na kiti cha Taban hakikukaliwa. Jioni redio ikatangaza kwamba ujumbe wake umejiondoa kwenye mazungumzo. Sababu haikutajwa.

Benta akapiga nambari ya Taban. Imezimwa.

"Jacky, kumtafuta kunaruhusiwa?"

"Kisheria?"

"Vyovyote."

"Sijui, Mum."

Benta akapiga tena.