Namna Nilivyofeli Kuchomelea

Nimechomelea vyuma Changamwe tangu ndevu zangu hazijaota. Aliyenifunza ni mjomba wangu, na mtaala wake ulikuwa na maneno mawili: "shika" na "achia". Ukichelewa kuachia ukaungua, basi somo limekuingia. Kibanda changu kiko kando ya barabara ya malori, upande wa Magongo, na wateja wangu wakubwa ni madereva wa trela. Chesisi imepasuka, tangi linavuja, bawaba ya mlango imeng'oka. Nalala chini, natengeneza, lori linakwenda zake Uganda au Kongo. Hakuna dereva aliyewahi kuniuliza cheti. Chuma chenyewe hakijui kusoma.

Halafu tukajengewa chuo cha ufundi, mwendo wa dakika tano kutoka kibandani kwangu. Siku ya kukifungua palisimamishwa mahema, kwaya ikaimba, na mgeni wa heshima akazungumza mpaka jua likatuhamisha viti mara mbili. Alisema nchi imechoka na makaratasi. Alisema vijana wetu wana vyeti vilivyopangwa kwenye bahasha lakini hawawezi kupigilia msumari ukanyooka. Kuanzia leo, akasema, hatumwulizi mtu amesoma wapi, tunamwuliza anaweza kufanya nini. Nilipiga makofi mpaka mke wangu akanivuta shati. Nilidhani mtu yule ananisema mimi.

Haukupita muda mkuu wa chuo akaja kibandani. Ni mama mstaarabu, mtu wa huku huku pwani, na hakuanza na shida yake. Aliuliza hali ya nyumbani, hali ya kazi, akalalamikia joto pamoja nami, ndipo akasema mashine zao za kuchomelea zimekataa kuwaka.

"Ngapi zimekataa, mama?"

"Zote sita. Na ni mpya."

Nikaenda. Zilikuwa mashine nzuri, nzuri kiasi cha mimi kuionea haya mikono yangu. Kando yake alisimama mwalimu wa karakana, kijana kutoka bara, koti lake jeupe halina hata doa, naye amejitenga nazo kama mtu aliyefungiwa uani na mbwa asiyemjua. Nikaizunguka ya kwanza. Waya wa kubana kwenye chuma, ule unaorudisha umeme kwenye mashine, haukuwepo. Bila huo hakuna moto.

"Mwalimu, ule waya wa pili uko wapi?"

"Waya gani wa pili?"

Tuliukuta stoo, huo na nyingine tano, zimepangwa vizuri rafuni na kubandikwa karatasi iliyoandikwa "vipuri".

Mkuu alipotoka, kijana akanisogelea. "Mzee wangu, tafadhali usiniseme. Mimi niko na digrii ya hii kitu. Lakini kule tulikuwa wengi na mashine ilikuwa moja. Miaka minne nimeishika mara mbili, na mara ya pili stima ilipotea."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Aliyasema kwa uso wa mtu anayeungama kwa padri.

Ndivyo nilivyoanza kufundisha. Kila asubuhi kabla malori hayajajaa, nilikuwa karakanani na wanafunzi kumi na wanane, na mwalimu wao akiwa wa kumi na tisa. Nilipewa hata cheo: Mgeni Mtaalamu kutoka Sekta. Sekta yenyewe ni mabati sita na tarubali. Sikuwa na maneno mengi ya kufundishia. Nilimshika mtu mkono tukaenda pamoja, polepole, mpaka asikie ule mlio wa chuma kikikubali, mlio kama wa viazi vinavyokaangwa. Ukiusikia, huhitaji tena kuambiwa. Mwisho wa muhula wa pili wengi wao walikuwa wanausikia. Nilirudi nyumbani kila siku nikiwa na furaha ya kijinga, na mke wangu alianza kuniita mwalimu mbele ya majirani.

Ndipo ukaja waraka.

Mkuu aliniita ofisini akanikaribisha kiti, na nilipoona amefunga mlango nikajua. Waraka ulisema kwamba, ili kulinda ubora wa mafunzo ya umilisi, yaani ya kuweza kazi kwa vitendo, hakuna mtu asiye na cheti cha fani atakayeruhusiwa kumfundisha mwanagenzi yeyote. Aliusoma wote, hata mistari ya anwani, kama anayetumaini utageuka njiani.

"Yule mgeni alisema hamwulizi mtu amesoma wapi," nikamkumbusha.

"Alisema, fundi wangu. Lakini hakuandika. Huu umeandikwa." Akavua miwani. "Ipo njia moja tu ya wewe kuingia tena karakana ile. Jiandikishe uwe mwanafunzi."

Mwanamume wa miaka hamsini na tatu. Nilimwambia nitafikiri, nikatoka nikiwa nimeshafikiri na kukataa. Lakini wiki moja baadaye walinijia vijana wawili kibandani, mmoja ameunguza kiganja, wakaniambia mwalimu amerudi kufundisha kwa picha ukutani. Nikaenda kuchukua fomu.

Fomu iliuliza: uzoefu wa kazi? Na chini yake, kwa wema kabisa: andika HAKUNA ikiwa huna. Nafasi iliyoachwa ilitosha maneno matatu. Nikaandika: tangu zamani kidogo.

Nikapewa ovaroli ya buluu na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, MWANAGENZI 19. Nilikaa nyuma darasani na magoti yangu hayakuenea chini ya meza. Mwalimu alisoma nadharia kutoka kwenye simu yake, akikwepa macho yangu. Tulipohamia karakanani alikohoa, akasema, "Sasa, mwanagenzi namba kumi na tisa atatuonyesha." Mwanagenzi namba kumi na tisa akaonyesha. Akashika mikono ya watu, akawagombeza, akawasifu. Kila kitu kilikuwa kama kwanza, ila sasa nilikuwa nikiomba ruhusa ya kwenda msalani.

Muhula ule walikuja wakaguzi. Walisimama mlangoni wakatutazama saa nzima: mwalimu ameegemea ukuta na kalamu yake, mwanafunzi mwenye mvi anawafunza wenzake. Mimi nilijua tumekwisha. Mkaguzi mkubwa akamwendea mkuu akampa mkono.

"Madamu, hongera. Vyuo vingine bado vinahangaika kumweka mwanafunzi katikati ya ujifunzaji. Hapa wanafundishana wenyewe!"

Walitupiga picha. Nasikia ilitumiwa kwenye kijitabu.

Tathmini ya mwisho ilifanywa na bwana mmoja aliyekuja na kompyuta ya mkononi na orodha ndani yake. Alikuwa mpole, hilo nalisema. Nilipewa vipande viwili vya chuma niviunge. Nikaviunga. Yeye hakutazama chuma, alitazama orodha. Kumbe alitakiwa kuweka alama kama nimewasalimu wenzangu kabla ya kuanza, kama nimeeleza kwa sauti kila hatua, na kama nimeonyesha shauku. Mimi nikichomelea huwa kimya. Ukiongea na moto unavuta moshi wote.

Kisha akaomba jalada la ushahidi, yaani picha za kazi nilizowahi kufanya.

"Sina picha, bwana. Kazi zangu zinatembea. Ushahidi wangu sasa hivi labda uko Kampala umebeba simiti."

"Bila picha siwezi kujua kama umefanya, mzee."

"Mlango wa chuo ulioingilia, ule wa geti kubwa, ni mimi."

"Nimeona picha yake." Akageuza kompyuta anionyeshe. Ni kweli, geti langu lilikuwemo, na mbele yake amesimama mmoja wa vijana wangu amekunja mikono kifuani, anatabasamu. Ilikuwa picha ya jalada lake. Nilimfundisha kuchomelea, sikumfundisha mengine.

Swali la mwisho lilikuwa ninajiona wapi baada ya miaka mitano. Nikamwambia chini ya trela, Mungu akipenda. Aliandika, na uandishi wenyewe ulichukua muda mfupi sana.

Matokeo yalibandikwa ukutani. Majina kumi na manane yalikuwa na neno Mmilisi. Langu lilikuwa na maneno matatu: Bado Hajafikia Umilisi. Vijana walirudi nyuma waliponiona nimesimama pale. Aliyepigwa picha getini akajipenyeza nyuma ya wenzake. Nilicheka ili wasione, nikaenda kibandani nikalala chini ya lori ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Nilimficha mke wangu siku mbili. Siku ya tatu aliikuta karatasi mfukoni alipokuwa akifua, akaja nayo uani mikono ina povu.

"Baba watoto, hii inasema hujaweza. Hujaweza nini?"

"Kuchomelea."

Alikitazama kitanda kwa mlangoni, nilichokitengeneza mwaka tulipooana. Akatazama madirisha, mlango, jiko, ngazi ya tangi la maji. "Basi hivi vyote vimeshikana na nini? Na maombi?" Kisha akakasirika kweli, akatukana kwa Kirabai, lugha ambayo huitumia kwa mambo mazito tu, na mimi ndipo nilipojisikia nafuu kidogo. Nilikuwa nimeanza kuamini. Hilo ndilo lililoniumiza, na sijamwambia mtu: kwa siku mbili, kila nilipowasha moto, niliutazama mkono wangu kama wa mtu mwingine.

Mwalimu kijana alikuja jioni hiyo, jua bado kali. Hakuwa na koti jeupe. Aliniamkia shikamoo, jambo alilojifunza huku, akakaa juu ya ringi ya gurudumu.

"Mzee, wewe ulifeli maneno. Maneno ndiyo mimi najua. Nikufundishe maneno, wewe unifundishe hii kazi. Vizuri, si ile ya kushika mara mbili."

Tukakubaliana. Kila siku baada ya saa kumi, na Jumamosi kutwa, alilala chini ya trela kando yangu. Mimi nikisema shika, achia; yeye akisema, "Usiseme unalala chini ya lori. Sema unatoa suluhisho kwa wadau wa uchukuzi." Nilirudia kama mtoto wa madrasa. Wadau wa uchukuzi. Ninajiona kiongozi wa mabadiliko. Dereva mmoja Mswahili wa Kisauni, aliyekuwa akingoja lori lake, alitusikiliza akauliza, "Wallahi, hawa wanasomea uchawi?"

Kijana aliungua mara nyingi. Mashati yake yakawa na matundu, na macho yalimvimba siku aliyojidai kutazama moto bila kinyago. Lakini mwezi wa tatu niliusikia mlio wake nikiwa nimempa mgongo, nikageuka kuona ni nani anachomelea.

Nilirudia tathmini. Niliwasalimu wote waliokuwemo, hata mlinzi. Nilieleza kila hatua kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Nilionyesha shauku mpaka mashavu yakauma. Jalada langu lilikuwa na picha thelathini, mwalimu alizipiga, na katika zote natabasamu na chuma. Mshono niliochomelea siku hiyo, nasema ukweli, ndio mbaya kuliko yote niliyoitoa maisha yangu. Maneno yaliniharibia mkono. Nikapita.

Cheti nilikabidhiwa kwenye mahema yale yale, na mgeni mwingine. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu kumwambia nimekuja kazini. Aliniambia akiwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Kanuni zimeboreshwa. Sasa anayefundisha lazima awe na diploma, na juu yake cheti cha ualimu wa ufundi.

"Nikileta hivyo, mama, mtakuwa mmeboresha tena?"

"Sijui, fundi," akasema. "Mimi mwenyewe nimetakiwa nirudi shule."

Kijana wangu, yule mwalimu, hakukaa sana baada ya hapo. Siku hizi sera kubwa ni kupeleka ujuzi nje, na walikuja mawakala kutafuta watu wa karakana ya meli huko Ghuba. Alikwenda na bahasha yake ya digrii. Wakamwambia aiweke pale mezani, wakampa mashine na vyuma viwili. Alipomaliza, hawakumuuliza kitu. Walikikata chuma katikati kwa msumeno.

Alinipigia simu akiwa bado amesimama huko nje ya lango lao. Nilikuwa chini ya lori la mafuta, nikatoka na uso wenye masizi kumsikiliza.

"Mzee, wameangalia ndani. Hakuna tundu hata moja. Naenda wiki ijayo."

Nikamwambia hongera, na nikamwambia huko kuna joto kuliko Changamwe, anywe maji. Chuo sasa kimebaki na mashine sita nzima na tangazo la kazi getini. Wamilisi wanne wa mwaka ule wako kibandani kwangu, wanaanza upya. Yule wa picha ni mmoja wao. Asubuhi ya leo nimemwambia ashike.