Fundi Saa na Kompyuta Iliyofumba Macho

Kwa miaka arobaini Bi Nukta alitengeneza saa za watu, na kwa miaka hiyo yote hakuchoka kuwasuta wale waliofungua saa zao kwa kisu cha jikoni kisha wakaja dukani na uso wa msiba. "Imesimama yenyewe, fundi." Yeye aliugeuza mfuniko uliojaa mikwaruzo, akamtazama mtu juu ya miwani. "Yenyewe? Basi na kisu nacho kilijishika chenyewe." Mtu alitoka pale amenywea.

Shule aliishia mlangoni. Herufi alizikamata moja moja kama anayefukuza kuku. Lakini saa yoyote aliifungua na kuifunga bila kubakiwa na skrubu mkononi, na hilo alilisema mwenyewe, hakungoja kusifiwa.

Uzeeni alifunga duka, akahamishia meza yake sebuleni. Upande mmoja wa meza vilikaa vibano, lenzi na droo ya betri. Upande wa pili ilikaa kompyuta ya mjukuu wake, binti aliyeitwa Bisibisi kwa sababu hakutembea bila bisibisi mkobani. Kompyuta ile aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, mwaka mzima. Ndani yake mlikuwa na ramani ya zahanati aliyoichora ili ofisi moja ya ujenzi imjaribu kazi. Mwisho wa kuituma ulikuwa siku ya mkasa huu, saa kumi alasiri.

Asubuhi Bisibisi alitoka kwenda kupima kiwanja mara ya mwisho. "Nikirudi narekebisha vipimo viwili tu, Bibi, halafu natuma."

Bi Nukta akabaki na kompyuta, na kompyuta ilikuwa na saa mbovu. Wiki nzima aliiona ikichelewa dakika nne, ndani ya nyumba ya fundi saa. Alishamwona mjukuu akibonyeza kitufe fulani kabla mashine haijaamka vizuri, ukatokea ukurasa wa mipangilio ya ndani. Akaiwasha, akabonyeza, akaingia. Saa akairekebisha barabara, na angeishia hapo ingekuwa salama.

Lakini chini ya saa palikuwa na orodha. Kila kitu kina jina lake, na mbele ya jina neno moja kati ya mawili: kimewashwa au kimezimwa. Maneno hayo aliyajua kutoka kwenye redio na majiko. Sasa, Bi Nukta ni mtu anayezunguka nyumba nzima akizima taa, na kwake kitu kuwaka bila kazi ni dhambi. Aliyapitia yale majina. Matatu hakuyajua hata kidogo, na asilolijua alilihesabu kuwa halina kazi. Akavizima vyote vitatu, akahifadhi, mashine ikajizima na kuwaka tena.

Feni zikazunguka, taa ndogo ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi tii.

Bisibisi alirudi saa sita. "Bibi, umeme ulikatika?"

"Umeme upo," alijibu, na kwa kuwa haukuwa uongo, aliling'ang'ania jibu hilo.

Binti akafungua sanduku. Akatoa vijiti vya kumbukumbu, akavisugua kwa kifutio, akavirudisha. Akabadilisha waya. Akaazima skrini ya jirani. Saa saba ikapita, saa nane ikapita, saa tisa ikafika. Bi Nukta alikaa upande wake wa meza akifuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

"Ubao wa kompyuta umeungua," Bisibisi alisema mwishowe, akakaa sakafuni. "Fundi wa kompyuta niliyempigia simu anasema ataiangalia keshokutwa. Ni mimi, Bibi. Nitakuwa nilikaza kitu vibaya. Ninajifanya najua."

Hapo ndipo lenzi ilipomtoka mkononi. Lawama ya mtu mwingine angeivumilia mpaka jioni. Hii ya mtoto kujilaumu hakuiweza.

"Mke mwenzangu," alisema, "haikuharibika yenyewe."

Bisibisi akainua kichwa taratibu. "Uligusa nini?"

"Saa. Saa niliirekebisha vizuri sana."

"Na?"

"Na vitu vitatu nikavizima. Havikuwa na kazi."

"Ulijuaje havina kazi?"

"Sikuyajua majina."

Kicheko kikamponyoka binti bila kupenda. "Bibi, kimoja ndicho kinachopeleka picha kwenye skrini."

"Mbona hakikuandikwa hivyo?"

"Na sasa tutakiwashaje bila kuona? Kitabu chake cha maelezo kiko wapi?"

"Nilikiweka chini ya mguu wa kabati. Nichomolee huo waya wa umeme, nione ndani."

Akabandika lenzi jichoni, akainama juu ya sanduku. Pale kati ya waya akaona uso anaoufahamu, betri bapa, ya duara, kama sarafu. "Hii si ya saa ya mezani? Inafanya nini humu?"

"Inashikilia saa na mipangilio umeme usipokuwepo."

"Ikitolewa?"

Bisibisi akasimama. "Inasahau. Inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Hilo nalijua, Bibi, lilinitoka kichwani. Na ramani haiko huko, iko kwenye diski."

"Basi weka chini hiyo bisibisi, utavunja ulimi unaoshika betri. Nipishe."

Akaitoa kwa kibano, akaipima kwa kipimo chake. "Imechoka. Ndiyo maana saa ilichelewa. Si nilisema saa mbovu?"

"Hukusema. Uliingia."

"Kaa hapo. Dakika kumi."

"Tano zinatosha, Bibi, muda unakwenda."

"Nimesema kumi."

Kumi zikaisha. Akachagua betri mpya kwenye droo, akaibonyeza mpaka ikalia. Bisibisi akarudisha waya, akawasha. Giza. Mashine ikajizima yenyewe, ikawaka tena, giza tena. Halafu skrini ikaangaza ukurasa wa mipangilio, na tarehe ya miaka mingi nyuma.

"Tarehe ikiwa hivi mtandao utanikatalia," Bisibisi alisema, akamsogezea kiti. "Rekebisha saa, fundi. Saa tu."

Bi Nukta akaangalia saa ya mkononi, akaweka tarehe, akaweka saa tisa na dakika thelathini na moja, mpaka nukta. Kisha macho yakateremka chini ya saa.

"Bibi."

"Nasoma tu."

"Hujui kusoma."

"Ndiyo najifunza. Hiki cha picha ni kipi? Nionyeshe nikijue jina."

Bisibisi akamwonyesha kwa kidole. Bibi akalikamata lile jina herufi kwa herufi, kwa sauti, mara mbili. Kisha akampisha mwenye kazi. Ramani ilikuwemo, nzima. Vipimo viwili vikarekebishwa, ikaenda saa kumi kasoro dakika sita, kwa saa zote mbili.